Kuzoea Vietnam: kwanza ukubali kupangiwa nafasi

Swali: Mimi ni mwalimu wa ushonaji kutoka Lushoto, mkoani Tanga, na nilizaliwa mwaka 1999. Sasa niko katika wiki ya sita hapa Hue, katikati ya Vietnam, ambako nimekuja kujitolea kwa mwaka mmoja kwenye kituo kinachowafundisha ufundi vijana wenye ulemavu. Watu ni wakarimu, lakini kila ninayekutana naye huniuliza umri, kama nimeolewa, na ninalipwa kiasi gani. Kikaoni nilisema wazi kwamba ratiba ya karakana inagongana na ya masomo. Wote wakacheka, wakasema sawa, na hakuna kilichobadilika, ila mkurugenzi hanichangamkii tena. Mimi ni Mwislamu, na mama ninayeishi kwake husikitika nisipokula. Watoto hunisugua mkono kuona kama rangi itatoka. Nimelelewa kwa heshima, kwa hiyo nilidhani nitazoea upesi. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, kosa lako si kubwa, na la kikaoni bado linarekebishika. Ila nianze na kauli yako kwamba umelelewa kwa heshima na kwa hiyo ulitarajia kuzoea upesi, kwa sababu naona shida yako imejificha humo. Mtu aliyekulia kwenye shikamoo, anayevua viatu mlangoni, anayepokea kitu cha mkubwa kwa mikono miwili na kumwita mama au baba mtu asiye na udugu naye, anafika Vietnam akiwa tayari anajua mambo ambayo mgeni wa Ulaya hujifunza kwa miezi. Lakini mgeni wa Ulaya anajua kwamba hajui, ndiyo maana huuliza kila hatua. Sisi tunaona mambo yamefanana na ya nyumbani, tunaacha kuuliza, halafu tunaponzwa pale mfanano unapokoma. Katika kuwaandaa vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda kujitolea huko, nimeona wachache sana wakikwama kwenye vijiti vya kulia. Wengi hukwama kwenye heshima, yaani mahali hasa walipodhani hawahitaji kufundishwa.

Tuchukue maswali ya umri. Kwetu, heshima ya umri hutolewa kwenye salamu, na salamu ikiisha mazungumzo huendelea kwa "mimi" na "wewe", maneno yasiyombagua mkubwa wala mdogo. Kivietnam hakikupi nafasi hiyo. Karibu kila sentensi inayomtaja msemaji au msikilizaji hutumia jina la undugu: mwanamke aliyekuzidi umri kidogo ni *chị*, dada mkubwa, mwanamume ni *anh*, kaka mkubwa, na wewe mbele yao ni *em*, mdogo wao. Wenye umri wa wazazi wako wana majina yao, waliowazidi wazazi wako wana mengine, na mabibi na mababu wana mengine tena. Asiyejua umri wako hawezi hata kukuuliza vizuri kama umekula, maana hajui akuite nani na yeye mwenyewe ajiite nani. Anayekuuliza umri kabla ya jina, basi, hakupekui. Anatafuta mahali pa kukuweka ili aweze kusema nawe kama binadamu mwenzake.

Njia nyepesi ni kutaja mwaka wa kuzaliwa badala ya umri, kwa sababu hesabu ya kimila humhesabia mtu mwaka mmoja tangu alipokuwa tumboni, na idadi yako na yao huenda zisilingane. Ukisema 1999, watakuambia papo hapo kwamba wewe ni wa mwaka wa paka, isipokuwa kama ulizaliwa kabla ya katikati ya Februari, ambapo utakuwa wa chui milia. (Katika mzunguko huo wa wanyama 12, Wavietnam wana paka pale ambapo Wachina wana sungura, na watafurahi kukueleza jambo hilo kwa kirefu.) Utaona mara moja wanavyotulia, kwa sababu sasa una mahali pako.

Ukishapangiwa nafasi hiyo, ikubali. Vijana wengi wenye shahada na uzoefu huona kuitwa *em* na mhasibu aliyewazidi miaka mitatu ni kushushwa. Sivyo. Mkubwa akishakuita *em*, amejifunga mwenyewe: ana wajibu wa kukuonya mvua inapokuja, kukuambia bei halisi ya nyanya sokoni, kukusemea kwa wakubwa zaidi yake, na kukufunika unapoteleza. Wewe nawe una wajibu wa kumtangulizia kikombe cha chai, kusubiri aanze kula, na kumwomba ushauri hata katika jambo unalolijua. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa mtu aliyekuja akiitwa mtaalamu, lakini usilione kama unafiki. Ushauri unaoombwa ndio uzi wa kwanza wa uhusiano, na usipouomba mkubwa hana namna ya kukukaribia. Kwa upande wa pili, wanafunzi wako watakuita *cô*, jina la shangazi ambalo pia ndilo la mwalimu wa kike, na watajiita *em* hata kama baadhi yao wamekukaribia umri. Usiwaambie wakuite kwa jina lako tupu ukidhani unawakaribisha, maana utakuwa umewanyang'anya neno la kukuitia.

Hapo Hue kuna la ziada. Mji huo ulikuwa makao ya wafalme wa nasaba ya Nguyen tangu 1802 hadi 1945, na watu wake wanajulikana nchi nzima kwa adabu za ndani, sauti ya chini na lafudhi ambayo hata mtu wa Hanoi huitegea sikio. Bibi kizee ataitwa *mệ*, shangazi ataitwa *o*, na "wapi" itakuwa *mô*, maneno ambayo programu ya simu iliyokufundisha Kivietnam cha Hanoi haikukutajia. Jifunze kutoka kwa mama mwenye nyumba wako, si kutoka kwenye simu. Na kama nyumbani kwenu mnazungumza Kisambaa, una hazina ambayo pengine hukuijua: sikio lako limekwisha kuzoea lugha ya toni, ambapo sauti ikipanda au ikishuka maana inabadilika. Msemaji wa Kiswahili kitupu huanzia mbali zaidi. Tumia dakika za mwanzo kusikiliza wimbo wa neno kabla ya herufi zake. Herufi ni za Kilatini na zitakudanganya kwamba unasoma kitu unachokijua.

Swali la ndoa halina sumu. Ukiulizwa kama umeolewa, jibu la Kivietnam ni lilelile letu la "bado", *chưa*, na "hapana" ingesikika kama umeapa kutoolewa maisha. La mshahara lijibu kwa kusema unapewa posho ya kujikimu, kisha umuulize yeye bei ya vitu imepanda vipi mwaka huu, hakuna atakayekushikilia.

Salamu, kwa upande mwingine, zitakupa shida ya kinyume. Sisi husimama njiani tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu juzi, na anayepita bila hayo tunamwona ana kiburi. Hue utaulizwa umekula au unakwenda wapi, utajibu neno moja huku mkipishana, na imekwisha. Ukimsimamisha jirani kwa msururu wa habari atadhani kuna msiba. Ndani ya chumba, hata hivyo, mpangilio ni mkali kuliko wetu: anayesalimiwa kwanza ni aliye mkubwa kuliko wote, na mgeni anayemrukia kijana anayejua Kiingereza kwa sababu ndiye anayeelewana naye huwa amewaruka wazee wote waliokaa humo.

Sasa kikao. Kusitiriana hatukufundishwa na Wavietnam. Mtu mzima wa kwetu naye haumbuliwi hadharani. Lakini sisi tuna desturi ya kukichukulia kikao kuwa ndipo mahali pa kutoa dukuduku. Mtu husimama, huomba radhi kwa wakubwa, husema la moyoni, na mwenyekiti humshukuru kwa mchango wake. Katika ofisi nyingi za Vietnam kikao ni mahali pa kuthibitisha yaliyokwisha kukubaliwa pembeni, kwenye chai, kwenye simu au njiani kuelekea maegesho ya pikipiki. Ratiba uliyoisema ina mwenyewe. Yupo aliyeipanga na yupo aliyeipitisha, na inaelekea wa pili ni mkurugenzi. Uliposema mbele ya walio chini yake kwamba inagongana, wewe uliye mdogo kwa umri na mgeni wa wiki chache, waliokusikia hawakusikia habari za ratiba. Walisikia kwamba mkubwa wao hajui kupanga kazi. Kile kicheko hakikuwa cha dharau. Ni kicheko cha aibu, na kilikuwa kinawafunika wote wawili, wewe na yeye. Na ile "sawa" uliyoipata, kama ilikuwa *dạ*, maana yake ilikuwa nimekusikia, na hapo ndipo ahadi yote ilipoishia.

Usiandike barua ya kuomba msamaha, na usiombe radhi kwenye kikao kijacho. Vyote viwili vitalifufua jambo ambalo wenzako wamejitahidi kulizika. Mtafute mwanamke wa ofisini aliyekuzidi umri na anayesikilizwa na mkurugenzi. Katika kila ofisi yupo, na mara nyingi si mwenye cheo kikubwa. Anaweza kuwa mhasibu au mtunza stoo. Mwendee baada ya mapumziko ya mchana, si kabla yake, maana kati ya saa tano na nusu na saa saba na nusu watu hula na kulala, na wengine hulala hapohapo ofisini kwenye mkeka, na anayewagongea wakati huo amewaingilia. Mpelekee matunda. Mwambie wewe ni mgeni, unahisi hukulisema vizuri lile jambo, na ungependa akufundishe jinsi mambo kama hayo yanavyosemwa hapo. Usimwombe akupelekee ujumbe. Ataupeleka bila kuombwa, na mkurugenzi atapata habari kwamba umetambua, bila yeye kulazimika kukusamehe mbele ya mtu.

Baada ya wiki moja au mbili, lirudishe jambo lenyewe likiwa swali dogo, kwa mkurugenzi akiwa peke yake au kupitia kwa huyo dada: wanafunzi wangu wawili hufika karakana wakiwa wamechelewa kwa sababu somo la asubuhi limewashika, unanishauri nifanyeje? Hapo umemwachia yeye alione tatizo na yeye alitatue. Akibadilisha ratiba, itakuwa ratiba yake. Jizoeze pia kusikia "hapana" isiyotamkwa. "Ni vigumu kidogo" ni hapana. "Tutaangalia" aghalabu ni hapana. Kunyamaza na kukumiminia chai nyingine ni hapana iliyotolewa kwa upendo. Ukishaisikia, acha, rudi kwa njia nyingine baadaye.

Najua kinachokuuma hapa. Kwetu mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe umekuja na jembe lako mkononi, una mwaka mmoja tu, na wiki sita zimekwisha. Mashirika yanayotuma watu huchangia kosa hili yanapowapa fomu ya kujaza mafanikio ya miezi mitatu ya kwanza. Maoni yangu ni kwamba katika miezi hiyo mitatu mafanikio ya pekee yenye maana ni kuwa na watu wawili ofisini wanaokuonya kabla hujateleza. Ukiweza, liandike hilo kwenye fomu.

Chakula ni jambo zito zaidi kuliko wengi wanavyodhani, na kwako lina pande mbili. Upande wa kwanza ni adabu ya mezani. Vyakula huwekwa katikati, kila mtu ana bakuli lake la wali, na kabla ya kula mdogo huwakaribisha wakubwa mmoja mmoja kwa jina la undugu: bibi karibu, mjomba karibu, dada karibu. Ni dakika nzima, na mgeni asiyejua huwa amekwisha kutafuna. Jifunze kulisema hilo kabla ya kujifunza chochote kingine cha Kivietnam. Mama mwenye nyumba atakuwekea kipande bora bakulini mwako kwa vijiti vyake; kukiacha ndiko kunakomsikitisha. Usivisimamishe vijiti vyako kwenye wali, kwa sababu vikisimama hivyo vinafanana na ubani uliochomekwa kwa ajili ya wafu.

Upande wa pili ni nguruwe, ambaye yumo katika vyakula vingi kuliko majina yanavyoonyesha. Chukua ile supu ya tambi iliyoupa mji wako sifa, *bún bò Huế*. Jina lake lina ng'ombe, na nyama ya ng'ombe kweli imo, lakini kwa kawaida bakuli hilohilo huwa na kipande cha mguu wa nguruwe, na mara nyingi vipande vya damu iliyoganda, na mchuzi umechemshwa na mifupa ya wote wawili. Kuwaambia "hamna nguruwe" wakakutolea vipande na kukuachia mchuzi hakukusaidii. Na wewe ukiwa umesema tu "sipendi" au "nimeshiba", mama wa watu atabaki akidhani mapishi yake ndiyo mabaya, na kila siku atajaribu kupika kingine.

Mwambie sababu ni dini. Sentensi ni *em theo đạo Hồi, không ăn thịt heo*: nafuata Uislamu, sili nyama ya nguruwe, kwa mtu wa rika la mama yako utabadilisha *em* kuwa *con*, mtoto. Hue ni mji wa Kibudha wenye mahekalu mengi, na watu wengi huacha nyama kabisa siku ya 1 na ya 15 ya kila mwezi wa kalenda ya mwezi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa maana ya kujizuia chakula kwa ajili ya imani. Ataelewa mara moja na pengine atakuheshimu zaidi. Desturi hiyo inakufaa pia kwa njia nyingine, kwani mji umejaa migahawa ya *chay*, chakula kisicho na nyama, na ukiliona neno hilo kwenye kibao unaweza kuingia bila hofu ya nguruwe. Nyumbani, jitolee kupika mara moja kwa wiki. Nazi ipo, mchele upo, samaki wapo, na wali wa nazi kwa samaki wa kupaka utamweleza mama huyo mambo ambayo mkalimani hawezi kumweleza. Kwa swala ya jamaa utasubiri safari: Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc, Ho Chi Minh City kuna wa mtaa wa Dong Du uliojengwa mwaka 1935, na kusini kabisa, An Giang, kuna vijiji vya Waislamu wa kabila la Wacham.

Katika nyumba hiyohiyo kuna madhabahu ya mababu, yenye picha, ubani na matunda, na siku ya kumbukumbu ya kifo cha mzazi au babu familia huandaa karamu. Kualikwa humo ni heshima kubwa. Ujue kwamba chakula huwekwa kwanza madhabahuni, kisha ndipo huliwa. Kama imani yako inakuzuia kukila, mwambie dada yako wa ofisini mapema akusemee, uende na matunda, ukae nao, unywe chai. Hakuna atakayekulazimisha kushika ubani. Kinachoangaliwa ni kama ulikuja.

Kuhusu rangi nitasema wazi, kwa sababu nakala za maandalizi hulizunguka jambo hili. Vietnam ni nchi inayopenda ngozi nyeupe. Utaona wanawake kwenye pikipiki juani wamevaa makoti, glavu na barakoa hadi machoni, na utamsikia mama akimwambia binti yake mwenyewe kwamba amekuwa mweusi mno. Faida ndogo kwako ni kwamba kitambaa chako cha kichwani hakitamshangaza mtu. Watoto wanaokusugua mkono wana udadisi tu. Wengi hawajawahi kumwona mtu mweusi ana kwa ana. Unaweza kuwapa mkono wako na wewe ukasugua wa kwao, mkacheka, na unaweza pia kuurudisha mkono wako bila kuomba radhi, hasa anayekugusa nywele akiwa mtu mzima. Lakini usichanganye udadisi na ubaguzi. Ukinyimwa chumba, au ukiambiwa wazazi wangependa mwalimu mwenye sura nyingine, jambo hilo si la mila wala si la kuvumiliwa kwa jina la kuzoea utamaduni. Mwandikie mratibu wa shirika lililokutuma, siku hiyohiyo, kwa tarehe na maneno yaliyotamkwa. Hapo sishauri njia ya pembeni.

Wakikuuliza unatoka wapi, usiishie kwenye ramani. Mtandao wa simu wa Halotel, ulioanza kazi Tanzania mwaka 2015, ni wa kampuni ya Viettel ya hukohuko Vietnam, na Lumitel ya Burundi vilevile. Korosho ghafi za Mtwara na Lindi kwa miaka mingi zimesafirishwa kwenda kubanguliwa kwenye viwanda vya Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Mjomba aliyekuwa akikutazama kama kiumbe wa ajabu huanza kukuona kama mtu wa upande wa pili wa biashara anayoijua.

Mengine nitayapitia haraka. Hakikisha mwenye nyumba amekuandikisha polisi wa kata. Ni sheria kwa kila mgeni anayelala hapo. Hakikisha pia viza na kibali chako vinataja kazi ya kujitolea, kwani viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata isiyo na malipo. Pikipiki usiendeshe kwa leseni ya Tanzania peke yake; panda nyuma ya dereva wa Grab, pikipiki ya abiria inayoitwa kwa simu, na uvae kofia ngumu, ambayo ni lazima tangu Desemba 2007. Barabara huvukwa kwa mwendo wa polepole usiobadilika, bila kukimbia na bila kurudi nyuma, na pikipiki zitakuzunguka. Mabasi na malori hayakuzunguki, yasubiri. Noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya samawati, zitenganishe kwenye pochi. Mvua za Oktoba na Novemba Hue huleta mafuriko, kwa hiyo usiweke kompyuta wala hati ya kusafiria sakafuni, na Januari ni baridi ya unyevu ndani ya nyumba zisizo na moto. Mtu wa Lushoto ataiweza, mradi una sweta.

Siasa za chama kinachotawala usizianzishe, wala usiziandike mtandaoni, na Ho Chi Minh hatajwi kwa mzaha. Kuhubiri dini nako kunahitaji vibali. Kuhusu vita, wengi unaofanya nao kazi walizaliwa baada ya Aprili 1975 na hawana haja ya kuizungumzia. Ila Hue ina jeraha lake. Mapigano ya Tet, yaani mwaka mpya wa Kivietnam, ya mwaka 1968 yaliuharibu mji na kuua raia wengi, na ndiyo sababu familia nyingi hapo zina kumbukumbu za kifo zinazoangukia siku za karibu na mwaka mpya. Tena, tarehe 23 ya mwezi wa tano wa kalenda ya mwezi, utakuta meza za vyakula na ubani zimewekwa nje mitaani; ni tambiko la waliokufa siku Wafaransa walipouteka mji mwaka 1885. Pita pembeni, usizirukie wala kupiga picha, na usimuulize mtu anamkumbuka nani. Akitaka atakuambia.

Hayo yananileta kwenye Tet yenyewe, ambayo huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari 20 hivi, na ambayo kwako itakuwa mtihani mkubwa kuliko kikao. Wiki mbili kabla yake kazi hupungua. Usianzishe jambo jipya, lipa madeni yako yote, hata ya soda. Nunua chakula cha siku kadhaa, maana masoko hufungwa. Asubuhi ya siku ya kwanza usibishe hodi kwa mtu yeyote ambaye hakukualika kwa kinywa chake, kwa sababu mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti anaaminika kubeba bahati ya nyumba kwa mwaka mzima, na familia nyingi zimekwisha kumchagua. Kama mama unayeishi kwake atakuomba utoke na kuingia tena ukiwa wa kwanza, amekupa heshima isiyo ndogo. Usifagie siku hiyo.

Desturi hugawa siku tatu za mwanzo: ya kwanza ni ya upande wa baba, ya pili ya upande wa mama, na ya tatu ni ya walimu. Wewe ni mwalimu. Siku ya pili jioni uwe na pipi za tangawizi au mbegu za tikiti kwenye sahani, chai tayari, na bahasha nyekundu zenye noti mpya za dong 10,000 au 20,000, kwa sababu asubuhi inayofuata wanafunzi wako wanaweza kufika, baadhi yao kwa viti vya magurudumu, na nyumba ya mama huyo ina ngazi mlangoni au haina. Lichunguze hilo sasa, umwombe fundi mbao wa kituo ubao wa kupandishia viti hivyo kabla karakana haijafungwa kwa sikukuu.